Sifa za Harufu ya Chumba cha Meno

Miongoni mwa watumishi ambao wakazi wa Mandewa, katika Manispaa ya Singida, hawajawahi kuwashukuru ipasavyo, harufu ya chumba cha meno inashika nafasi ya kwanza, kwa kuwa watu huikunjia pua badala ya kuichunguza kwa heshima. Nasaba yake si ya kubezwa. Sehemu yake kubwa hutokana na eujenoli, yaani kemikali inayounda asilimia 70 hadi 90 ya mafuta ya karafuu, ambayo ikichanganywa na unga wa oksaidi ya zinki huwa saruji ya kuzibia jino kwa muda na kutuliza neva yake. Kwa hiyo mgonjwa wa Singida, bara kabisa, akiwa bado kwenye benchi anagawiwa bure zao lililozitajirisha Unguja na Pemba tangu karne ya 19. Juu yake huongezwa dawa za kuua vijidudu na vumbi la dentini, tabaka la jino lililo chini ya enameli, ambalo lina protini na likipata joto la mashine ya kuchonga hunuka kama unywele ulioungua.

Inafukuza usingizi, inakatisha soga, na inawafundisha watoto kusali. Hizo ni fadhila ndogo. Fadhila yake kuu ni mahudhurio. Harufu hii hufika kabla ya mfagiaji na hubaki baada ya mlinzi kufunga geti. Haijaomba uhamisho, haidai posho ya kujikimu, na haijawahi kukosekana kituoni kwa sababu ya semina Dodoma. Humpokea mheshimiwa na mchunga mbuzi kwa namna moja, kisha humfuata mgonjwa hadi nyumbani ndani ya shati lake, na huo mara nyingi ndio ufuatiliaji pekee anaoupata. Hata uchambuzi wa wagonjwa inaumudu bila fomu, kwani watafiti wa Ufaransa walionyesha mwaka 1998 kwamba eujenoli huwapendeza wasiomwogopa daktari wa meno, na huwatia hofu na hasira wanaomwogopa.

Hata hivyo, uadilifu wa kitaaluma unadai jambo moja lisemwe. Karafuu ni ushahidi kwamba meno yanazibwa. Penye kung'oa tu, haina sababu ya kuwapo. Katika kliniki ambayo kompresa, yaani pampu ya hewa inayoendesha mashine ya kuchonga, imekufa tangu bajeti iliyopita, saruji imekwisha, na mgonjwa mwenye tundu dogo anaambiwa achague kati ya kurudi mwezi ujao na kung'olewa leo kwa sababu koleo halihitaji umeme, kinachonuswa ni klorini ya kupigia deki, na klorini haijawahi kuokoa jino la mtu yeyote! (Zipo saruji za kisasa zisizonuka, ila kliniki iliyokosa ya bei nafuu haitarajiwi kuwa na ya ghali.) Nchi ambayo kwa miaka mingi iliruhusu hadi miligramu 8 za floridi katika lita ya maji ya vijijini, huku Shirika la Afya Duniani likishauri zisizidi 1.5, ilipaswa kutambua mapema kwamba mikoa kama Singida, ambako madini hayo huyatia meno rangi ya kahawia na yakizidi hudhoofisha enameli, itahitaji zaidi ya koleo.

Lakini majengo huzinduliwa, vipuri havizinduliwi. Utepe hukatwa wakati kuta zinanukia rangi mpya, picha hupigwa, msafara huondoka, na hakuna kiongozi aliyewahi kualikwa kukata utepe wa kompresa iliyotengenezwa. Wakaguzi nao hupita chumba hadi chumba wakihesabu vitasa na mapazia. Wangefika kwenye chumba cha meno wangeweza kuweka daftari chini, wafumbe macho na kuvuta pumzi, na wakiikosa karafuu waulize fedha za saruji zilikwenda wapi.