Pindua Picha, Shimo Limezibwa

Shimo la barabarani likipigwa picha ya rangi ni kero; likipigwa nyeusi na nyeupe ni sanaa. Mfuniko wa chemba, kandambili iliyokatika mkanda, sufuria la mama ntilie: vyote vikishavuliwa rangi hupata heshima ya ghafla. Si uzushi wa vijana wetu. Mhungaria André Kertész aliupiga picha uma ulioegemea ukingo wa sahani mjini Paris mwaka 1928, uma na kivuli chake, basi, na hadi leo watu wanaukodolea macho.

Ila sisi tuna malighafi nono zaidi. Jua likiwa limeinama, lipige shimo picha kivuli kikiwa ukingo wa juu, kisha ipindue juu chini. Loo, kichuguu! Ubongo umezoea mwanga utokao juu, hivyo kivuli kikihamia chini, macho huona mwinuko.

Wakandarasi, mnangoja nini? Ripoti ya ukarabati haihitaji tena lami wala kifusi, inahitaji mkono wa kupindua karatasi. Na mkaguzi akiuliza mbona barabara imejaa matuta, ajibiwe kwa adabu: ya kupunguza mwendo, mheshimiwa.