Jinsi ya Kumpa Mgeni Gitaa la Kasi Asikimbie

Iko siku mtu atakuuliza: "Hao wanaopiga gitaa mbio mbio, nianze na nani?" Huenda ni mpwa wako aliyerudi Haneti kwa likizo, mwalimu aliyehamishiwa shule ya jirani, au kijana anayechimba mawe ya kijani kule kilimani. Kuulizwa hivyo ni heshima kubwa, na hatua ya kwanza ya kuistahili ni kufunga mdomo. Usimtajie majina kumi na tano. Usimweleze tofauti ya mbao za gitaa. Muulize yeye husikiliza nini akiwa peke yake, kisha nyamaza mpaka amalize kujibu, hata kama jibu lake ni kwaya ya kanisani. Hasa kama ni kwaya ya kanisani, kwa sababu ambazo tutazifikia.

Hatua ya pili ni kutomtisha. Wapenzi wengi wa muziki huu humkabidhi mtu albamu huku wakimpa pole: ni kali kidogo, ina makelele, lakini utaizoea. Mtu akishaambiwa ataumia, ataumia kweli. Na huku Ugogo tahadhari hiyo haina msingi wowote. Aliyekulia Haneti au Itiso amewaona akina mama wakipiga muheme, ngoma wameibana kwa mapaja, mikono ikienda kwa kasi ambayo jicho haliwezi kuifuata. Ameisikia ilimba, marimba ya mkononi ambayo vidole gumba viwili hupokezana mpaka usijue wimbo unatoka upande gani. Kasi haitamshtua.

Hata mkwaruzo wa gitaa la umeme hautamshtua. Mafundi wa ilimba hutoboa tundu kwenye kisanduku chake na kuliziba kwa utando wa buibui, ili kila sauti itoke na mvumo unaonguruma pembeni yake. Dave Davies wa bendi ya The Kinks, kule London, alipoichana spika yake kwa wembe na gitaa likanguruma katika wimbo wa mwaka 1964, alikuwa anatafuta kile kile ambacho fundi wa Kigogo alikuwa akikipata kwa buibui. Mwambie mgeni wako jambo hili mapema. Atakaa vizuri kwenye kigoda na kuanza kusikiliza kama mwenyeji.

Basi kinachowafukuza watu ni nini? Kwa maoni yangu ni upweke. Kwenye muziki wetu wa dansi kasi hugawanywa: kuna gitaa la solo, kuna second solo, kuna rithim, kuna besi, na mbele yao wote kuna mwimbaji anayesimulia habari za mapenzi au za mshahara. Kwenye albamu nyingi za gitaa la kasi za Marekani na Ulaya, mtu mmoja anasimama mbele dakika arobaini nzima na hakuna anayeimba. Sikio linatafuta sauti ya binadamu, halioni, linachoka. Kwa hiyo mpangilio wa albamu zako uanze na wengi, uishie kwa mmoja. Hiyo ndiyo siri yote ya kazi hii, na mengine yote ni namna ya kuitekeleza.

Anza na "Chibite" ya Hukwe Zawose, mzaliwa wa Doduma hapa hapa mkoani Dodoma, ambaye Mwalimu Nyerere alimwita Dar es Salaam akapige kwa niaba ya taifa. Ilitolewa mwaka 1996 na Real World, kampuni ya Peter Gabriel. Ndiyo, najua haina gitaa. Mpe hivyo hivyo. Mgeni atakuuliza kama umemsikia vizuri, mwambie umemsikia. Kisha mwelekeze: asikilize gumba la kulia peke yake, halafu la kushoto peke yake, halafu yote mawili pamoja. Akishaweza kufanya hivyo, ana sikio ambalo wapenzi wengi wa gitaa hulitafuta miaka. Akidai gitaa kwa nguvu, mwongezee "Assembly", ambayo Zawose aliifanya mwanzoni mwa miaka ya 2000 na Michael Brook, mpiga gitaa wa Kanada. Humo Brook hashindani na mzee, anamtandikia.

Sasa nenda Kinshasa. Mpe mkusanyiko wowote mzuri wa Nicolas Kasanda, yule waliyemwita Docteur Nico, aliyezaliwa Kasai mwaka 1939 na kufariki mwaka 1985. Ndiye aliyeko kwenye gitaa la solo katika "Indépendance Cha Cha" ya mwaka 1960, kwa hiyo yawezekana babu yake mgeni alishamcheza. Nico hakimbilii kumaliza. Anaichukua sentensi moja, anaigeuza, anairudia ikiwa imepungua neno moja, anakuacha unaimalizia mwenyewe. Lakini mwamuru mgeni asikilize pia rithim ya kaka yake, Charles Mwamba, maarufu kwa jina la Dechaud. Bila Dechaud, zile nyuzi za Nico zingekuwa zinaning'inia hewani.

Rudi nyumbani kwa Mbaraka Mwinshehe. Mtu anayetoka Dodoma kwenda Dar es Salaam kwa basi hupita Morogoro, mji uliompa Mbaraka bendi yake ya kwanza kubwa, Morogoro Jazz, na itakuwa aibu apite hapo mara mia bila kujua. Mwaka 1973 aliunda Super Volcano, na Januari 1979 akafa kwa ajali ya gari huko Mombasa akiwa na miaka 34. Mtafutie kanda au albamu za mfululizo wa "Ukumbusho", zilizotoka Kenya. Mbaraka aliimba na kupiga solo yeye mwenyewe, na hapa ndipo pa kusimama kwa muda mrefu, kwa sababu ndipo gitaa linapoanza kuchukua kazi ya mwimbaji. Anamaliza ubeti, na gitaa linajibu kwa pumzi ile ile, kana kwamba bado ana neno. Mgeni akilisikia hilo, umeshamvusha mto. Usimwambie kwamba umemvusha.

Baada ya hapo mpe kasi yenyewe: "Soukous Trouble" ya Loketo, iliyotoka kwenye mwaka 1990 hivi, Aurlus Mabélé akiimba na Diblo Dibala kwenye solo. Diblo ni mzaliwa wa Kisangani, alipata jina la utani la bunduki ya rashasha, na Paris ndiyo iliyomfanya aende mbio namna ile. Yeye na wenzake akina Kanda Bongo Man walikata ile sehemu ya taratibu iliyokuwa ikitangulia na kuingia kwenye sebene tangu mwanzo. Albamu hii ndiyo ya pekee katika mwongozo huu inayoruhusiwa kupigwa hadharani kwa sauti ya juu. Ukimwona mama mkwe anatikisa bega, usimwangalie. Endelea kupepeta uwele.

Kabla ya kuvuka bahari, mpitishe kwa mtu mmoja na gitaa moja. Jean-Bosco Mwenda wa Katanga alirekodiwa na Hugh Tracey mwaka 1952 kule Jadotville, mji unaoitwa Likasi siku hizi. Wimbo wa "Masanga" upo kwenye mkusanyiko wa "Origins of Guitar Music", na Bosco ameupiga kwa gumba na kidole cha shahada tu. Gumba linatembea chini kama besi, shahada inacheza juu, na wakati mwingine kuna sauti ya tatu ambayo nakiri kwa furaha kwamba bado siielewi inakotoka. Hapa mgeni anajifunza kwamba mtu mmoja anaweza kuwa bendi nzima. Upweke umeanza kupata dawa.

Daraja la kwenda Marekani tayari analo kichwani, ila hajui. Muulize kama anaijua "Beat It" ya Michael Jackson, kwenye albamu ya "Thriller" ya mwaka 1982. Atakucheka. Mwambie aipige tena na asubiri katikati, pale gitaa linapolipuka. Huyo ni Eddie Van Halen. Na yule mwanamke mwenye nywele nyeupe zilizosimama, aliyekuwa akiipiga solo ile jukwaani kwenye ziara za Michael tangu mwaka 1987, ni Jennifer Batten. Mgeni wako amekuwa akisikiliza gitaa la kasi maisha yake yote kwenye harusi na kwenye basi la Dodoma.

Sasa "Surfing with the Alien" ya Joe Satriani, ya mwaka 1987. Hakuna kuimba. Lakini usimwanzishie wimbo wa kwanza. Mwanzishie "Always with Me, Always with You", ambao ni wa taratibu na ambamo gitaa linaimba kabisa, lina beti na lina kiitikio. Baada ya kuusikia mara kadhaa ndipo umfungulie "Satch Boogie". Mpe hedfoni kwa kazi hii, tafadhali. Zile spika za kuchaji zinazopendwa gengeni zinavimbisha besi na kuzifunika nyuzi za juu, na nyuzi za juu ndiyo habari yenyewe. Wala usimpe kwenye basi, ambako dereva ana muziki wake na hana mpango wa kuupunguza.

Satriani alikuwa mwalimu wa gitaa, na mmoja wa wanafunzi wake alikuwa kijana anayeitwa Steve Vai. "Passion and Warfare" ya Vai ilitoka mwaka 1990. Ni albamu ya mtu mwenye vitimbi vingi, na baadhi ya vitimbi hivyo mgeni anaweza kuviruka bila dhambi. Asiruke "For the Love of God". Vai amesimulia kwamba aliurekodi akiwa katika siku ya nne ya mfungo wa siku kumi. Mtu anayefunga Ramadhani au Kwaresima atazisikia zile sauti ndefu zinazotetemeka mwishoni na hatahitaji maelezo zaidi.

Kisha Jason Becker, na hapa nakuomba utulie. "Perpetual Burn" ilitoka mwaka 1988, mwenyewe akiwa na miaka 19. Mpe mgeni wimbo unaoitwa "Air" kwanza: magitaa safi, bila mkwaruzo, sauti mbili zinapishana na kupokezana, moja ikipanda nyingine ikishuka. Hapo atakutazama, kwa sababu anajua amewahi kusikia jambo la namna hii kwenye vidole gumba viwili vya Hukwe Zawose. Mwache alitamke mwenyewe. Baada ya hapo mfungulie "Altitudes", na ndipo asikilize albamu nzima.

Habari za maisha ya Becker zisitangulie muziki. Ukizitanguliza, mgeni atasikiliza kwa huruma, na huruma ni sikio baya. Akishaupenda muziki ndipo umweleze kwamba muda mfupi baada ya albamu hiyo Becker aligundulika na maradhi yanayoua neva zinazoendesha misuli, kwamba madaktari walimpa miaka michache, kwamba vidole vile vilinyamaza na sauti ya kuongea ikaondoka. Baba yake alimbunia namna ya kusoma herufi kwa mwendo wa macho, na kwa macho hayo Becker ameendelea kutunga. "Perspective" ilitoka mwaka 1996, "Triumphant Hearts" mwaka 2018, zikipigwa zaidi na wenzake. Mimi kwenye muziki wote wa gitaa sijui ushahidi mkubwa kuliko huu kwamba kasi haikuwa kwenye vidole.

Yngwie Malmsteen awe wa mwisho, ingawa kwa umri wa albamu angekuwa wa kwanza kati ya hawa wasioimba. "Rising Force" ilitoka mwaka 1984. Msweden huyu alizaliwa Stockholm, akampenda Paganini na fidla yake, akaamua gitaa nalo liweze. Alitumia magitaa ambayo ubao wa shingo umechongwa mabonde, ili kidole kishike uzi bila kugusa mbao. Ni kazi nzito sana na naipenda sana, lakini kwa mgeni ambaye hajapitia njia hii yote ni upweke mtupu, noti juu ya noti na hakuna pa kuketi. Aliyeipitia atajua mahali pa kuketi: aanzie "Black Star", aifuate ile sauti ya polepole kabla ya mafuriko. Usimpigie baba mkwe. Baba mkwe hajasikia zile albamu nyingine.

Albamu moja kwa wiki inatosha, na kadi moja ya simu inazibeba zote. Wiki nyingine mgeni atakwama, atasema kichwa kinamgonga. Usibishane naye, mrudishe kwa Mbaraka siku mbili tatu.

Na wiki nyingine atakuja na swali zito zaidi: gitaa lenyewe atalipata wapi. Hapo ndipo kwaya inapoingia. Vijijini kwetu gitaa la umeme, amplifaya na mtu anayejua kuvitumia viko kanisani, na mpiga solo wa kwaya mara nyingi ni mwalimu mzuri kuliko video yoyote. Mpeleke kwake Jumamosi, siku ya mazoezi. Mwambie aamkie kwanza, akae nyuma, na asiguse gitaa la solo. Aombe kufundishwa rithim, amtumikie mwenye solo kama Dechaud alivyomtumikia Nico, angalau mpaka vidole viote sugu. Na siku akienda Dodoma mjini anunue uzi namba moja, vipande viwili vitatu vya akiba, kwa kuwa ndio unaokatika kabla ya yote, na hukatika katikati ya ibada.