Misimu ya Amani na Suruali ya Mstaafu

Mtu wa Tanga mjini huijua misimu kwa maembe ya sokoni na kwa feni inayovuma usiku kucha. Huko juu Amani, Usambara Mashariki, dalili hizo hazifai kitu. Msitu ni kijani Januari na kijani Julai, na mgeni akionyeshwa picha mbili hawezi kusema ipi ilipigwa lini. Mstaafu mmoja wa mjini, ambaye tangu aache kazi amegeuka mtembezi wa msitu huo, ana kipimo chake: huangalia suruali yake imeingia nini.

Gari la Muheza humshusha Sigi, penye nyumba aliyokaa mkuu wa stesheni enzi za Wajerumani, wakati reli ilipopanda kutoka Tengeni kufuata magogo. Siku hizi nyumba hiyo hupokea wageni wa hifadhi, iliyoanzishwa 1997. Hapo mzee hulipa kiingilio, husikiliza maelezo aliyokwisha kuyakariri, kisha hukabidhiwa kijana wa kumwongoza, maana ana tabia ya kubishana na njia.

Masika ni udongo mwekundu. Amani hupata karibu milimita 2,000 za mvua kwa mwaka, na mvua ya Machi hadi Mei haina aibu. Mzee alikuja na raba mpya alizoletewa na mwanawe kutoka ughaibuni, za soli ambayo boksi liliapa kwamba haitelezi popote duniani. Mwongozaji alivaa yeboyebo. Kwenye mteremko wa shamba la iliki, boksi lilithibitika kuwa halijawahi kufika Usambara: mzee aliketi bila kukusudia, akaanza safari, akampita kijana aliyesogea pembeni kwa adabu, akaishia kijitoni.

“Pole, mzee,” kijana alisema alipomfikia. “Ila umewahi.”

Palepale alipokaa, kwenye jabali lenye kivuli, palikuwa na kishada cha maua madogo ya zambarau. Mwaka 1892 mtawala wa Kijerumani, Walter von Saint Paul-Illaire, aliyakuta maua haya katika nchi hii ya Usambara, na leo wajukuu wa mimea hiyo wamejaa madirishani Ulaya, wakimwagiliwa na watu wasioijua Muheza iko wapi. Porini hukaa chini, kwenye unyevu na giza la mawe. Mtu anayetembea wima, mkavu, na heshima zake, huyapita.

Kipupwe kina ukungu na baridi inayomfanya mtu wa pwani avae koti juu ya koti. Kwenye barabara ya mashamba ya chai, mzee alisikia mngurumo mzito ukimjia kutoka ndani ya weupe, akajibana kwenye ukingo kulipisha lori. Alilisubiri kwa uvumilivu. Lori lilikuwa mbega, juu ya mti, akiwajulisha wenzake kwamba eneo lina mwenyewe.

Angeweza basi kungoja kiangazi, na ndivyo wageni wengi wanavyofanya. Februari njia ni kavu, raba zinashika, na mtu huanza kujiona mwenyeji. Hapo ndipo upupu humpata. Hauhitaji msitu mnene. Hupenda vichaka vya kando ya mashamba, kama kile ambacho mzee alijisitiri nyuma yake kwa haja ndogo. Maganda yake yakikauka, vinyweleo vyake hupeperushwa na upepo kidogo tu, na ndani yake mna protini inayowasha ngozi kwelikweli. Mzee alikimbilia maji, akajisugua, akausambaza hadi mahali ambapo haukuwa umefika.

“Usijikune, baba! Usijikune!” alipiga kelele mama mmoja aliyekuwa akianika iliki uani kwake, kisha akamletea majivu ya jikoni. Mzee alirudi Tanga akiwa na rangi ya kijivu, suruali ikiwa ndani ya kiroba kilichofungwa vizuri kuliko mzigo wowote uliowahi kupita bandarini.

Vuli aliandamana na shemeji yake wa Dar es Salaam, mtu anayejua wanyama wote kwa njia ya televisheni. Mvua za kwanza zilikuwa zimewatoa siafu, na msafara wao ulikata njia kama uzi mweusi.

“Rukeni, msisimame,” alisema mwongozaji.

Shemeji alisimama, kwa sababu ya picha. Alieleza kwamba siafu wafanyakazi ni vipofu, wanafuatana kwa harufu, jambo ambalo ni kweli, na kwamba kwa hiyo hawawezi kumwona, jambo ambalo halikumsaidia. Siafu hupanda kimya. Kwa maoni ya mzee, hungoja wote wafike ndipo waume pamoja.

Suruali ya shemeji ilivuka kwa kasi ambayo haijawahi kuonekana katika ukoo ule, na ilikuwa bahati mbaya tu kwamba wanafunzi wa sekondari walikuwa wanapita na mwalimu wao wa baiolojia. Mwalimu hakuiacha nafasi ipotee. Aliwaeleza kuwa taya za askari wa siafu hubaki zimebana hata kiwiliwili kikinyofolewa, akawaomba walio nyuma wasogee, kisha akamgeukia shemeji:

“Samahani, kaka, hebu tulia kidogo. Huku nyuma hawaoni.”