Na Mama Zao Je? Barua ya Wazi kwa Mkurugenzi Mkuu wa Makavazi ya Kitaifa ya Kenya

Kibirichia, Buuri
Kaunti ya Meru

Mheshimiwa Mkurugenzi Mkuu,

Nakuandikia kutoka huku mteremkoni mwa Mlima Kenya, upande unaotazama nyika za Isiolo. Naomba radhi tangu mwanzo kwa kukuandikia hadharani, jambo ambalo mtu wa umri wangu na malezi yangu halifanyi mbele ya mkubwa bila kwanza kubisha mlangoni. Basi nabisha: hodi, hodi, na tena hodi. Nimechagua barua ya wazi kwa sababu ninayoyaomba si yangu peke yangu. Nataka wenzangu wayasikie, nikikosea wanirekebishe, nawe usidhani kuna jambo ninalokunong'oneza kwa siri.

Nilianza kuuliza swali langu nikiwa mtoto wa darasa la tatu. Nyanya yangu alipenda kutusimulia habari za Mbwaa wakati wa kumenya viazi. Unazijua kuliko mimi, lakini nakusihi univumilie nizipitie tena jinsi alivyozisema. Wahenga wetu Wameru waliishi Mbwaa, mahali palipozungukwa na maji, chini ya Nguntune, watu wa nguo nyekundu, waliowatwika kazi zisizowezekana: watengeneze ndara yenye manyoya pande zote mbili, wafue mkuki wa kufika mbinguni. Koomenjwe akawaongoza kutoroka. Maji yakagawanyika. Waliovuka usiku wakawa Njiru, weusi. Waliovuka kukipambazuka wakawa Ntune, wekundu. Waliovuka jua limekwisha kutoka wakawa Njeru, weupe. Nyanya aliwahesabu kwa vidole, viazi vikisubiri kwenye sufuria. Nikamuuliza: na wanawake, nao walivuka na kundi gani? Alinyamaza kitambo, kisu mkononi. Kisha akasema hilo waulizwe waliobaki Mbwaa.

Mheshimiwa, mwanahistoria Jeffrey Fadiman, aliyeketi na wazee wetu na kuandika simulizi zao, alipendekeza kwamba Mbwaa hiyo ni Mbwara Matanga, katika kisiwa cha Manda, ng'ambo tu ya Lamu. Si wote waliokubaliana naye, nami sithubutu kukata shauri hilo mbele yako. Ila ningependa uelewe jinsi moyo ulivyonidunda niliposoma, mwaka 2023, kwamba wafu wa Manda wameulizwa, wakajibu, na sehemu kubwa ya jibu lao ilikuwa juu ya wanawake.

Nazungumzia utafiti uliochapishwa katika jarida la Nature tarehe 29 Machi 2023. Miongoni mwa viongozi wake ni Profesa Chapurukha Kusimba, mwana wa nchi hii, ambaye amechimba pwani na Taita kwa miongo mingi. Walisoma vinasaba vya watu 80: wengi walikuwa wa miji sita ya pwani, ikiwamo Mtwapa, Manda, Faza na Kilwa, waliofariki kati ya mwaka 1250 na 1800, wengine walikuwa wa mji mmoja wa bara, baada ya mwaka 1650. Wale wa pwani wengi walikuwa watu wa hadhi, waliozikwa jirani na misikiti, katika makaburi ambayo maskini hangeyapata.

Niruhusu nieleze kwa ajili ya msomaji wa kwetu atakayeishika barua hii, si kwa ajili yako. Ndani ya mfupa mna njia mbili za kurudi nyuma. Mitokondria hurithiwa kwa mama peke yake, naye aliirithi kwa mama yake, na mama yake kwa mama yake, bila mwanamume kuingilia kati. Kromosomu Y hutoka kwa baba kwenda kwa mwana wa kiume. Hivyo maiti mmoja wa kiume anaweza kuulizwa maswali mawili tofauti, la kwa mama na la kwa baba, na kila moja likajibiwa peke yake.

Walipouliza, mama akajibu kutoka Afrika. Kwa wengi wa watu wale wa pwani, zaidi ya nusu ya vinasaba vyao vilitoka kwa wahenga wa Kiafrika, na wahenga hao hasa walikuwa wanawake. Fungu lililotoka Asia nalo ni kubwa, na asilimia 80 hadi 90 ya fungu hilo ilitoka kwa wanaume wa Uajemi. Sehemu nyingine ilitoka Bara Hindi. Kuchanganyika kulianza kufikia mwaka 1000 hivi, wakati Uislamu ulipokuwa ukienea katika miji ile. Kuanzia mwaka 1500 hivi, Uarabuni ndiko kulikozidi kuchangia.

Kwa zaidi ya miaka 100 watu wazima wenye elimu waligombana juu ya uzazi wa miji ya pwani. Walikuwapo waliosema kuta za Gede na Kilwa ni kazi ya wageni waliovuka bahari, na mwenyeji alikuwa mtumishi tu. Wakaja wengine wakajibu kwamba hadithi za mababu waliotoka Shiraz, Uajemi, ni majivuno matupu ya watu waliotaka kuonekana bora. Upande mmoja ulimfuta mama, upande wa pili ukamfuta baba. Makaburi hayakumfuta yeyote. Hata hivyo, Mheshimiwa, mazungumzo mengi niliyoyasikia baada ya habari ile kutoka yalikuwa juu ya wale baba Waajemi: kumbe ni kweli walikuja, kumbe tarikh ya Kilwa, masimulizi ya kale ya watawala wake, haikudanganya. Nafurahi pamoja nao. Lakini nilisubiri mtu aulize kama nilivyouliza nikimenya viazi, na sikumsikia.

Itazame tarikh yenyewe. Katika toleo lililohifadhiwa na Mreno João de Barros, mwaka 1552, Ali mwana wa sultani wa Shiraz alidharauliwa na ndugu zake kwa sababu mama yake alikuwa mtumwa wa Kihabeshi, ilhali mama yao wao alikuwa Mwajemi wa ukoo bora. Ndipo akajaza jahazi na kuondoka, akainunua Kilwa kwa nguo. Yaani hadithi ya baba mkuu wa Washirazi inaanza kwa ugomvi juu ya mama. Simulizi nyingine ya Kilwa, iliyoandikwa kwa Kiswahili zaidi ya miaka 100 iliyopita, inasema mgeni huyo alimwoa binti wa Mrimba, mkuu wa kisiwa. Jina la baba mkwe limehifadhiwa. La mume limehifadhiwa. Binti, ambaye bila yeye hakuna ukoo wa kusimuliwa, anaitwa binti wa Mrimba basi.

Wala hili si la kwetu tu. Mfalme John wa Uingereza alikuwa na binti, Joan, aliyeozwa kwa Llywelyn, mtawala wa Wales, mwaka 1205 hivi. Hakuna anayebishana juu ya baba yake. Mwaka 1226 Papa Honorius III alimtangaza kuwa mwana halali. Ila mama yake wasomi wanamtafuta hadi leo, kwa kuwa kinachowaongoza ni kumbukumbu fupi ya watawa wa Tewkesbury ya kifo cha Joan mwaka 1237, inayomwita mama huyo Malkia Clementia, na John hakupata kuwa na malkia wa jina hilo. Jeneza la jiwe ambalo kwa muda mrefu limesemwa kuwa la Joan lilipata kutumiwa kunyweshea farasi. Ikiwa binti wa mfalme, katika nchi yenye watawa waliokuwa wakiandika mwaka baada ya mwaka, alipotelewa na mama namna hiyo, sishangai kwamba binti wa Mrimba hana jina. Ninachosikitikia ni kwamba sasa tuna alama ya mama yule mikononi mwetu na bado hatujamkaribisha sebuleni.

Niseme jambo moja kwa tahadhari. Mfupa hausemi kama mwanamke yule aliulizwa ridhaa yake. Pwani ilijua utumwa, na sitaki kuipamba ndoa nisiyoishuhudia. Ila kuna ushahidi mwingine usiotoka kaburini. Lamu, baba mwenye uwezo alimjengea binti yake nyumba, na mume akahamia humo. Mombasa inamkumbuka Mwana Mkisi, malkia wake wa kale. Na kuna lugha hii ninayokuandikia kwa unyenyekevu. Kutoka Uajemi ilipokea bandari, ikapokea diwani, ikapokea serikali, maneno ya gatini na ya barazani. Lakini namna ya kuunganisha neno na neno, jinsi mtu anavyokuwa watu na kiti kinavyokuwa viti, ni ya Kibantu, na ndiyo maana mtoto wa Kibirichia hujifunza upesi, kwa kuwa Kimeru nacho hufanya hivyo. Watoto wa wafanyabiashara wale walisema kama mama zao. Mwanamke asiye na kauli nyumbani hawarithishi wanawe lugha yake ikadumu miaka 1,000.

Sasa ombi langu, nikitanguliza shukrani kwa kazi ambayo taasisi yako inafanya kulinda makaburi na magofu ya nchi hii. Ikiwa itakupendeza, na ikiwa haitakuwa mzigo kwa wasaidizi wako, naomba matokeo haya yaandikwe kwa Kiswahili chepesi na kuwekwa mbele ya watu: Fort Jesus, Lamu, na tafadhali sana pia katika makavazi yetu madogo mjini Meru. Na naomba maandishi hayo yaanze na mama. Mtoto anayesoma asimame kwanza mbele ya yule mwanamke wa Mtwapa au wa Manda, ndipo aonyeshwe jahazi linaloingia.

Naomba pia, nikijua naomba mengi, utume watu huku waje wasikilize. Utafiti ule haukusema lolote juu ya Wameru, nami simtwishi mtafiti yeyote neno ambalo hakulitamka. Lakini kama watu wa milimani wanasema walitoka kisiwani, na mifupa ya kisiwa kinachotajwa imeanza kusema, ni vyema simulizi zichukuliwe kabla wenyewe hawajaondoka. Waliohojiwa zamani wengi walikuwa wanaume, wazee wa Njuri Ncheke, baraza la wazee wa Kimeru, na wenzao, na walijibu kama nyanya alivyonihesabia: ukoo kwa ukoo, baba kwa baba. Bibi zetu wana hesabu nyingine. Wanajua nani alitolewa Igoji kuolewa Tigania, nani aliletwa akiwa mtoto kutoka kwa Wamaasai, mbegu ipi ilifungwa kwenye leso ya nani. Yaulizwe hayo. Na ikiwa siku moja watafiti watahitaji mate yetu au damu yetu, tuelezwe kwa lugha tunayoielewa, na majibu yarudishwe hapa hapa sokoni.

Nitawapokea mwenyewe mahali matatu zinaposhushia abiria. Huku kuna baridi asubuhi, waje na masweta. Jirani yangu mmoja, aliyepita miaka 90, ameahidi kuzungumza nao mradi asiharakishwe. Sikio lake la kushoto limechoka, hivyo atakayemhoji aketi kuliani kwake.

Nabaki wako mtiifu, kwa heshima na taadhima,

Mwalimu mstaafu, Kibirichia