Barua ya Wazi kwa Ofisi Inayopaka X Nyekundu

Kwa Ofisi Inayopaka X Nyekundu,
Nairobi.

MINT: PONGEZI KWA KANUNI MPYA, PAMOJA NA OMBI LA RANGI

Wapangaji wa ploti moja ya ghorofa saba kule Pipeline, Embakasi, wanaileta barua hii mbele ya Ofisi kwa unyenyekevu unaowapasa watu wanaolala chini ya slebu wasiyojua ndani yake mna nini. Wanaanza kwa pongezi. Tarehe 1 Machi 2025 Kenya ilianza kutumia Kanuni ya Kitaifa ya Majengo ya 2024, na ile ya 1968 ikapumzishwa baada ya miaka 57 kazini. Mtumishi wa umma hustaafu akiwa na miaka 60, kwa hiyo kanuni hiyo imeondoka mapema kidogo, labda kwa sababu za kiafya.

Haikuwa kanuni mvivu, lakini ilipewa mji mmoja ikaachiwa mwingine. Ilipozaliwa, jumba la KICC lilikuwa bado mjengo, na sensa ya mwaka uliofuata iliwahesabu watu 509,286 katika Nairobi nzima. Sensa ya 2019 iliwakuta watu 4,397,073. Mawazo yake mengi yalirithiwa kutoka sheria ndogo za Uingereza, na wahandisi wengi wa Nairobi waliendelea kupiga hesabu za zege kwa viwango vya Kiingereza hata baada ya Waingereza wenyewe kuviweka kando mwaka 2010 na kuhamia vya Ulaya. Mitumba haijawahi kuwa aibu Nairobi. Ila koti la mitumba likifumuka mshono, huaibika aliyelivaa peke yake.

Rasimu ya kuleta mabadiliko iliandikwa mwaka 2009, ikalala.

Ilipokuwa imelala, majumba hayakulala. Januari 2015, baada ya majengo kuanguka moja baada ya jingine, Rais Uhuru Kenyatta aliagiza majengo yote ya nchi yakaguliwe. Wakaguzi wakazunguka, kuta zikapigwa alama. Miezi kumi na mitano baadaye, usiku wa tarehe 29 Aprili 2016, mvua ikinyesha, jengo la ghorofa kule Huruma, kando ya mto, likakaa chini. Watu takriban 50 walikufa. Serikali ilieleza kwamba jengo hilo lilikuwa limekwisha kutangazwa kuwa halifai kukaliwa na binadamu, na binadamu walikuwa wakilikaa, kila mlango na kufuli lake. Baada ya saa 80 hivi waokoaji walimtoa mtoto mchanga akiwa hai, amezungushiwa blanketi, ndani ya beseni. Taifa lilishangilia, na ilistahili. Wapangaji wa Pipeline tangu siku hizo huyatazama mabeseni yao ya kufulia kwa macho mengine, na wanashangaa kwamba kanuni mpya, pamoja na upana wake wote, haikupata nafasi ya kulitaja beseni miongoni mwa vifaa vya uokoaji.

Sasa kuhusu X yenyewe.

Kila mkazi wa mtaa wenye ploti anaifahamu: mistari miwili ya rangi nyekundu ukutani, karibu na lango, ikisema jengo si salama, mara nyingine na tarakimu chache ambazo Ofisi peke yake ndiyo huzielewa. Ofisi huja mchana, hupaka, huondoka. Jioni mwenye ploti humtuma fundi na ndoo ya rangi ya maji. Kufikia Ijumaa ukuta ni mweupe kuliko ulivyokuwa siku ulipojengwa, na kibao cha vyumba vya kupangisha kimening'inizwa pale pale X ilipokuwa. Hivyo Ofisi imefanikiwa katika jambo moja ambalo hakuna kanuni iliyowahi kuliweza: kuwafanya wenye ploti wapake majengo yao rangi.

Wahenga walionya kwamba asiyeziba ufa atajenga ukuta. Lakini wahenga walimfikiria mtu mwenye ukuta wake. Pipeline, anayeuona ufa ni mpangaji, anayeuziba kwa plasta ni fundi wa kutwa, anayepokea kodi yuko mbali, na anayepaka X ana ploti nyingine kumi za kumaliza kabla ya chakula cha mchana. Ufa mmoja, watu wanne, na kati yao anayelala chini yake ni mmoja tu.

Ofisi isidhani wapangaji hawa ni wajinga wa mambo ya ujenzi. Nusu yao hushinda mjengoni, wakiinua karai. Wanajua kwamba msingi huchimbwa kulingana na michoro, na michoro ikisema ghorofa nne, nguzo za chini nazo huwa za ghorofa nne hata kama juu yake zimepandishwa saba. Wanajua udongo mweusi wa Embakasi, ule unaovimba ukilowa na kupasuka ukikauka, ukiusukuma na kuuvuta msingi usiochimbwa hadi mwambani. Wanajua simiti ya kupigia lipu na simiti ya kubebea mzigo hazina nguvu sawa, ijapokuwa mfuko hautofautiani sana machoni. Na wanajua siku 28. Zege hufinyangwa vipande vya mchemraba, hutunzwa majini, kisha hupondwa kwa mashine baada ya wiki moja na tena baada ya siku 28 ili ijulikane limekomaa vipi. Kwenye mjengo wa haraka, kufikia siku ya 28 slebu ya pili imeshamwagwa, miti iliyokuwa ikiishikilia ya kwanza imeng'olewa ikapelekwa juu, na mpangaji wa chini ameshalipa dipoziti. Kipande cha kupima ni yeye.

Kuna wanaouliza kwa nini mpangaji asihame akiiona X. Juni 2017, kule Kware, Embakasi, nyufa zilionekana, watu wa jengo la ghorofa saba wakaambiwa watoke, wengi wakatoka, na jengo likaanguka usiku. Kwa hiyo wapangaji huhama wakiambiwa kwa wakati. Shida ni kwamba anayeambiwa ahame hupewa saa, hapewi dipoziti yake, na chumba cha bei ile ile kinapatikana katika ploti ya pili, iliyojengwa na mafundi wale wale kwa mchanga wa lori lile lile.

Ndipo linapokuja ombi. Wapangaji hawaombi kamati. Kamati ni tele. Jengo lilipoanguka Kariakoo, Dar es Salaam, tarehe 16 Novemba 2024, Waziri Mkuu wa Tanzania wa wakati huo, Kassim Majaliwa, aliunda ya watu 19 kuyakagua majengo ya eneo lote, na hakuna aliyeweza kusema watu hawakutosha. Wanaomba rangi. Si nyekundu, hiyo imezoeleka, watoto huichezea mpira wakiifanya goli. Wanaomba namba mbili tu juu ya lango la kila ploti, kubwa, zisomeke kutoka kwenye matatu: ghorofa zilizoidhinishwa, na ghorofa zilizojengwa. Basi.

Faida yake itaonekana Dar es Salaam kwa kuangalia nyuma. Ijumaa Kuu ya mwaka 2013, tarehe 29 Machi, jengo la ghorofa 16 lililokuwa likijengwa Mtaa wa Indira Gandhi liliporomoka asubuhi na kuua watu 36. Serikali ilisema kibali kilikuwa cha ghorofa 10. Kama lango lingeandikwa 10 na 16, hata muuza kahawa wa pembeni, asiyejua michoro, angefanya hesabu ya kutoa, akahamisha birika lake upande wa pili wa barabara.

Ofisi inaweza kujibu kwamba namba hizo ziko kwenye faili. Wapangaji wanaamini. Wanaamini pia kwamba faili iko salama, kwa sababu imehifadhiwa katika jengo lililokaguliwa.

Wanatambua kwamba ombi hili lina hatari zake. Mwenye ploti aliyepita idhini anaweza kuwahonga watu chai ili namba ya kwanza ikue. Lakini X inafutika kwa ndoo moja ya rangi na hakuna anayekumbuka ilikuwepo. Namba ikibadilika kutoka 4 kuwa 7 usiku mmoja, mtaa mzima utakuwa umeiona, na mtaa una kumbukumbu ndefu kwa habari za watu wenye pesa.

Wanasubiri majibu. Ofisi ikipenda kuja yenyewe, chumba ni ghorofa ya sita, lifti haipo, na ngazi ya kati ya ya tatu na ya nne ishikwe upande wa kushoto.

Wapangaji,
Pipeline.

Nakala:
Fundi wa plasta.
Mwenye ploti, ambaye jina lake wapangaji hawalijui. Kwenye risiti ya kodi kuna namba ya paybill tu.