Bwana wa Gigabiti 25

Tangu mwaka 2021, kampuni ya Init7 ya Uswisi ilipoanza kuwauzia watu wa majumbani intaneti ya faiba yenye kasi ya gigabiti 25 kwa sekunde, wamezuka mabwana ambao, kwa kutokinai na neema ya gigabiti 1 iliyowatosha ahali zao wote, hutia saini mkataba kabla ya kudadisi ni chombo gani kitakachoipokea kasi hiyo. Ruta ya zamani hustaafishwa bila kiinua mgongo. Swichi nayo huifuata. Kisha fundi, kwa adabu iliyochanganyika na tamaa, hubainisha kwamba waya wa Cat 5e uliofichwa ukutani utastahimili gigabiti 2.5, ama ukizitaka 10 kwa masafa ya mita 100 huna budi kutia Cat 6A, na hizo 25 kwa kawaida haziji ila faiba yenyewe ipenye hadi chumbani, shauri ambalo bibi wa nyumba hakushirikishwa. Feni za vyombo hivyo huvuma usiku kucha na joto lake hutamalaki, jambo ambalo, katika baridi ya Zürich, nakiri, si hasara tupu.

Na ukidhani kwamba bwana huyo sasa anahamisha maktaba za ulimwengu, umemdhulumu: yeye hujilaza sebuleni, simu mkononi, akitazama kwa Wi-Fi filamu ya 4K inayohitaji megabiti kama 25, yaani sehemu moja katika elfu ya alichokinunua, na kabla ya kulala huipima kasi, akawapelekea rafiki zake picha ya namba.