Krimu Mbili Ukutani

Sebule yangu hapa Bariadi ina madoa mawili ya rangi ukutani, na mgeni hapewi chai mpaka kwanza atoe maoni. Doa la kushoto ni krimu. La kulia nalo ni krimu, ila mama watoto anasema hilo ni "maziwa", na ukibisha utalala njaa.

Kadi ya rangi ya dukani ndiyo chanzo. Eti lulu, eti ganda la yai, eti theluji. Theluji Bariadi! Mkoa huu unaongoza nchini kwa pamba, chaki zinatengenezwa hapo Maswa, lakini weupe tuazime kwenye picha za Kilimanjaro. Na muuzaji nimemshuhudia: ndoo zote mbili ni nyeupe ileile. Moja kaidondoshea njano, nyingine njano na tone la nyeusi, akafunga, akatikisa. Yenye tone la nyeusi ndiyo ghali.

Tukamwita mzee jirani awe refa, mkulima wa pamba tangu ujana wake. Hao hutenga pamba safi na ile fifi, ya daraja la chini, kwa jicho tu, huku wanapiga soga. Akausogelea ukuta, akakwangua kidogo kwa ukucha, akarudi kukaa.

"Zote fifi."

Mama watoto hajamsamehe mpaka leo.

Fundi naye wimbo wake mmoja: "Bosi, subiri ikauke." Zimekauka, zimezidi kufanana. Asubuhi jua likipiga dirishani, ya kulia inaonyesha umanjano kwa mbali. Usiku, chini ya hizi taa nyeupe za siku hizi, zote mbili ni wodi ya wazazi. Umeme ukikatika ndipo nyumba inapata amani.

Tena ukuta wenyewe ikifika Agosti, vumbi likishaingia, utakuwa rangi ya barabara. Na kitinda mimba wetu anakula karanga huku anatembea ameshika ukuta. Nikashauri chini tupige rangi ya mafuta, kahawia, mpaka usawa wa kiuno, kama madarasani. Nikatazamwa kana kwamba nimeomba kufuga mbuzi sebuleni.

Sasa shemeji wa Lamadi ametumiwa picha kwa WhatsApp apige kura. Kajibu: "Dada, mbona zote ni bluu?"

Fundi kaambiwa kesho aje na kopo la tatu. Posho yake ya siku iko palepale.